DOA LA MCHUZI KWENYE KANZU

(Mazungumzo na vijana baada ya swala ya Alasiri)



Ndugu zangu wapenzi, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu (S.A.W.), leo nazungumza nawe jambo ambalo huenda ukalicheka: madoa ya chakula. Lakini hebu itazame kwanza kanzu uliyoswalia tarawehe jana. Adhana imelia, tende moja, uji, na mkono tayari umefika kwenye kuku wa nazi. Mchuzi tone kifuani.

Nikutoe wasiwasi: mchuzi si najisi, swala yako haina neno. Ila harufu ya papa msikitini inamuudhi aliye kando yako, na kanzu ya Idd siku hizi si bei ya mchezo, khasa kwa nyumba yenye wavulana wanne. Tena anayeinama kwenye karai ni nani? Ni mama, au dada yako, naye amefunga kama wewe na tangu Adhuhuri anakuna nazi. Chukua karai wewe mwenyewe, kijana.

Haya, kazi yenyewe. Mchuzi wa nazi ni madoa mawili kwa pamoja, mafuta na manjano. Anza na mafuta. Usisugue, wazidi kuyaeneza. Nyunyiza unga wa ngano au poda, uache robo saa unyonye, kisha ukung'ute. Halafu paka sabuni ya kuoshea vyombo kabla hujatia maji, manake maji matupu na mafuta hayapatani. Acha kidogo, fua, suuza.

Hapo ndipo watu hushtuka: doa la njano limegeuka jekundu! Basi mbio kwenye Jik. Tulia. Rangi ya manjano ikikutana na sabuni huwa nyekundu, na ukisuuza ukakamulia ndimu hurudi njano. Adui wake ni jua. Ianike kanzu ingali mbichi, doa likitazama juu, saa nne mpaka saa tisa. Likibaki, kesho rudia. Jua la Malindi halina bili. (Hii ni kwa kanzu nyeupe, buibui na nguo za rangi utazichujisha.)

Chai na juisi ya ukwaju, maji baridi mengi upesi, kisha siki au ndimu. Yai na maziwa pia maji baridi. Ukiyamwagia maji moto umeyapika ndani ya uzi.

Dafu ni mnafiki. Likidondoka laonekana maji tu, unapuuza, kisha baada ya siku unakuta alama ya kahawia. Suuza papo hapo, hata kama umekaa jamvini na wenzako wanakutazama. Na kanju, enyi watu wa Kilifi mnazijua: maji yake yakikauka kwenye nguo, nguo hiyo ni ya shamba.

Jik sasa. Haitoi mafuta, na darizi ya rangi shingoni huiua. Lakini la khatari zaidi ni huyu anayechanganya Jik na siki au ndimu ili "ipate nguvu". Hutoka gesi ya klorini, ile ile waliyoitumia Wajerumani vitani kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Na wewe uko chooni, mlango umefunga, na kifua chako kina pumu! Usithubutu.

Maji nayo yana mambo. Visima vyetu vingi ni vya chumvi, sabuni haitoi povu, na nguo nyeupe hubaki na utando wa kijivu. Ukiwa na ndoo moja tu ya maji ya bomba, yale yatokayo Baricho mtoni Sabaki, au ya mvua, iweke kwa suuzo la mwisho.

Pasi mpaka doa limetoka lote, kwa sababu joto hulifunga. Kwa hivyo kanzu ya Idd ikague siku tano kabla, usingoje usiku wa kuandama mwezi.

Maswali nitayajibu baada ya Maghrib. Mwenye kanzu ya kanju aje nayo tuione, ila asije na matumaini makubwa.

Wassalaam alaykum.