Kidani cha Bibi Khadija: Uaminifu wa Jamaa Wakati wa Dhiki

(Muhadhara uliotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake, na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, tumekusudia kukumbushana jambo ambalo kila mmoja hulidai kuwa analo wakati wa neema, na wengi huliacha wakati wa dhiki: uaminifu baina ya watu wa nyumba moja. Chungu kikiwa jikoni, kila mtu ni ndugu. Riziki ikibana, au watu wa nyumba moja wakitofautiana katika dini yenyewe, hapo ndipo hubainika nani mwenye ahadi. Katika Sira ya Mtume (s.a.w.) kimo kisa kinachokusanya mitihani hiyo yote, nacho ni kisa cha binti yake mkubwa, Zaynab (r.a.).

Zaynab aliolewa na Abul-As bin Rabii, mtoto wa khaloo yake Hala, nduguye Bibi Khadija. Siku ya harusi mama yake alimpa kidani. Ulipokuja Utume, Zaynab aliamini, na mumewe akabaki katika dini ya watu wake. Makuraishi walimtaka amwache, wakamwahidi kumwoza mwanamke yeyote ampendaye. Alikataa. Hakuwa Mwislamu siku hiyo, lakini hakukubali kumtupa mke asiye na kosa ili kuwaridhisha watu.

Mwaka wa 2 Hijria, Abul-As alitekwa katika vita vya Badr. Watu wa Makka walileta fidia za mateka wao, na katika fidia aliyoituma Zaynab kilikuwamo kidani kile. Bibi Khadija alikwisha kufariki kabla ya Hijra. Mtume (s.a.w.) alipokiona alilainika sana moyo, akawaomba Masahaba, wakiridhia, wamwachilie mateka wa Zaynab na wamrudishie mali yake. Wakaridhia. Hakuwaamrisha, kwa kuwa ile ilikuwa haki yao, bali aliwaomba. Abul-As akatoa ahadi ya kumruhusu Zaynab aende kwa baba yake Madina, na aliporudi Makka akaitimiza. Safari yenyewe ilikuwa nzito: wanahistoria wamepokea kwamba Makuraishi walimfuatia njiani, wakamtisha kwa mkuki, akapoteza mimba yake.

Kisha, kabla ya kufunguliwa Makka, Abul-As alikuwa akirejea kutoka Sham na mali za watu, msafara ukatekwa na Waislamu. Aliingia Madina usiku akaomba hifadhi kwa Zaynab. Katika Swala ya Alfajiri, Zaynab alitangaza kutoka safu za wanawake kwamba amempa hifadhi. Mtume (s.a.w.) aliwaambia watu kwamba hakuwa na habari mpaka aliposikia waliyoyasikia wao, akaipitisha hifadhi ile. Akamwagiza binti yake amkirimu, lakini asimruhusu kumkaribia, kwa kuwa si halali kwake.

Alirudishiwa mali yote. Akaenda nayo Makka, akampa kila mtu chake, akawauliza kama yupo anayemdai. Waliposema hayupo, hapo ndipo akatoa shahada mbele yao, akawaeleza kwamba hakusilimu Madina ili wasimdhanie ametaka kula mali zao. Kisha akahamia Madina, na Mtume (s.a.w.) akamrudishia Zaynab, katika riwaya ya Ibn Abbas, kwa nikahi ile ile ya mwanzo. Zaynab alifariki mwaka wa 8 Hijria. Na katika Hadithi sahihi, Mtume (s.a.w.) alimsifu Abul-As kwa ukweli wa maneno na kutimiza ahadi.

Enyi ndugu, tuyapime haya na hali zetu.

Kwanza, imani ya Zaynab haikuuvunja wema wake, wala wema wake haukuivunja mipaka ya sharia. Tuseme wazi, maana jambo hili limo ndani ya safu zetu. Kijana husoma miaka miwili mitatu, akaijua Sunna, kisha hala chakula cha mama yake kwa sababu ya maulidi, na hamsalimii baba yake. Suratu Luqman, aya ya 15, inatuamrisha tukae na wazazi kwa wema hata wakitushurutisha shirki, bila ya kuwatii katika hiyo shirki. Na Asmaa binti Abubakar alipofikiwa na mama yake mshirikina, Mtume (s.a.w.) alimwamrisha amuunge. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya mzazi mshirikina, itakuwaje haki ya mzazi anayeswali?

Pili, amana. Wapo dada zetu wanaotumika katika nyumba za watu Muscat na Dubai, kila mwezi wakituma fedha wajengewe kijumba. Wakirudi hukuta msingi umeota majani, na kaka ameoa mke wa pili. Abul-As, angali katika ushirikina, hakula dirhamu ya mtu. Basi anayekula jasho la dada yake na sijda ipo usoni, atajibu nini mbele ya Mola wake?

Tatu, subira. Mlango ambao Zaynab hakuufunga ndio alioingilia mumewe katika Uislamu baada ya miaka. Mume aliyefilisika, mke aliyeugua, mtoto aliyepotea: tusiwe wepesi wa talaka na laana. Huenda Allah amewaandikia kurejea, na marejeo yao yakapitia mikononi mwetu.

Atakayetoka hapa usiku huu akiwa amemhama mzazi au ndugu, asilale kabla ya kumtolea salamu. Na aliye na amana ya jamaa yake, aanze kuirudisha, japo kidogo kidogo.

Ewe Mola wetu, ziunganishe nyoyo za watu wa nyumba zetu, utukinge na khiyana, utuondolee dhiki, na utufishe tukiwa Waislamu. Wa sallallahu ala nabiyyina Muhammad, wa ala alihi wa sahbihi ajmain.