Brigedi ya Vifaru na Askari wa Keya katika Mto Chindwin

Hotuba kwa watu wa Machakos

Wakati wa Vita Kuu ya Pili koo nyingi za Ukambani zilitoa vijana wao waingie katika jeshi la King's African Rifles, ambalo watu wote waliliita Keya. Waliorudi walikuwa na mengi ya kusimulia, na katika masimulizi yao hapakukosekana habari za vifaru. Jina hilo lilifaa sana. Mnyama kifaru ana ngozi ngumu, haoni mbali, na akikasirika huja moja kwa moja bila kugeuka. Na chombo cha chuma kilichopewa jina lake kina tabia hizo hizo. Tena ni ajabu kwamba tangu mwaka 1944 hata mwaka 1946, vijana wa Machakos walipokuwa mbali wakitazama vifaru vya chuma, nyumbani kwao katika pori la Makueni waliuawa vifaru wenyewe, wanyama karibu elfu moja, ili nchi ile ifunguliwe kwa makao ya watu.

Yafaa kwanza kueleza brigedi ni kitu gani. Askari wa Keya alizijua vema daraja za jeshi lake. Watu wapatao kumi chini ya koplo walifanya seksheni. Seksheni tatu zilifanya platuni. Platuni tatu, kombania. Kombania nne pamoja na watu wa makao makuu zilifanya batalioni, yaani watu mia nane hivi. Batalioni tatu zilifanya brigedi, nayo ilitumikiwa na wapiga mizinga, wahandisi, waganga na madereva.

Brigedi ya vifaru ya Waingereza ilifuata njia iliyo karibu na hiyo, ila mwanzo wa hesabu yake haukuwa mtu bali chombo. Kifaru kimoja kilikuwa na watu wanne au watano ndani yake: dereva, mpiga mzinga, mwenye kujaza mzinga, na mkubwa wao ambaye husimama juu na kutazama njia. Vifaru vitatu au vinne vilifanya trupu. Trupu nne au tano zilifanya skwodroni, na skwodroni tatu zilifanya rejimenti moja. Kwa desturi ya miaka ya katikati ya vita, rejimenti tatu zilitiwa katika brigedi moja, na pamoja nazo batalioni ya askari wa miguu waliochukuliwa katika magari. Hao wa miguu hawakuwekwa kwa mapambo. Watu waliofungiwa ndani ya chuma huona nje kwa vitundu vyembamba tu, na adui mmoja aliyejificha katika mtaro akiwa na bomu aweza kuwaangamiza. Kwa hiyo kifaru kilimlinda askari wa miguu na risasi, na askari wa miguu akakilinda kifaru na watu wajificao.

Nyuma ya hao wote ulikuwako msafara mrefu wa magari ya petroli, risasi, chakula na mafundi. Brigedi ikikosa petroli kwa siku moja, vifaru vyake vyote huwa mawe barabarani.

Katika brigedi hizo, mojawapo iliyopata sifa kubwa ni Brigedi ya 7. Asili yake ni jeshi la magari lililokusanywa Misri mwaka 1938, na jina la Brigedi ya 7 ya vifaru ililipata mwaka 1940. Alama yake ilikuwa panya wa jangwani, mnyama mdogo mwenye miguu mirefu arukaye mchangani. Ilipigana na Wataliani katika nchi ya Libya, na mwezi wa Novemba 1941 ikapigana na Wajerumani mahali paitwapo Sidi Rezegh, ambako ilipoteza karibu vifaru vyake vyote. Baadaye ikapewa vifaru vipya vya Kimarekani viitwavyo Stuart, vyepesi na vyenye mbio, ambavyo Waingereza walivipenda hata wakaviita Asali. Mkamba ajuaye mizinga ya nyuki ataona kwamba jina hilo halikutolewa kwa kitu kibaya.

Mwanzoni mwa mwaka 1942 brigedi hiyo ilipakiwa melini iende mashariki kupigana na Wajapani. Ilishuka Rangoon, mji mkuu wa Burma, mwezi wa Februari, ikiwa na rejimenti mbili tu za vifaru, yaani Hussars wa 7 na rejimenti ya pili ya Royal Tank. Siku ya 8 Machi Rangoon ilitekwa. Tangu hapo kazi ya vifaru ilikuwa kuwazuia Wajapani huku jeshi lote la Waingereza na Wahindi likirudi nyuma kuelekea India, kwa majuma mengi, kwa vumbi na kiu. Hata mwezi wa Mei wakafika ukingo wa mto Chindwin, mahali paitwapo Shwegyin, mkabala na Kalewa. Mto ni mpana, daraja halikuwako, na vyombo vya kuvushia vilikuwa vichache mno. Kifaru kimoja tu kilivushwa. Vingine vyote, watu wake waliviharibu kwa mikono yao wenyewe: walimwaga mafuta na maji, wakawasha injini, wakaziacha zizunguke mpaka zikafa. Kisha wakavuka mto na kupanda bonde la Kabaw kwenda Tamu, wengi wao kwa miguu.

Hapo ndipo habari za brigedi hiyo zinapokutana na habari za askari wa Afrika ya Mashariki.

Serikali iliwahesabu Wakamba kuwa askari hodari, na kwa miaka mingi ilikuja Ukambani kutafuta watu wa Keya na wa polisi. Lakini si haki kusema kwamba watu wa Machakos walikuwa watu wa kukubali kila neno. Mwaka 1938 Serikali ilipowauza ng'ombe wao kwa nguvu, ikisema kwamba ni wengi kupita malisho, maelfu ya watu pamoja na wake zao na watoto waliondoka wakaenda Nairobi, wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Kiongozi wao Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu. Hata hivyo Gavana Brooke-Popham alikuja Machakos mwezi wa Agosti, na uuzaji wa nguvu ukakomeshwa. Wakubwa walijua vema kwamba ndugu za watu wale walikuwa wameshika bunduki za Serikali. Mwaka mmoja baadaye vita vikaanza, na Serikali ile ile ikarudi katika vilima vile vile kutafuta askari.

Mara ya kwanza askari wa Keya kupambana na vifaru kwa ukali ilikuwa Habeshi. Siku ya 19 Mei 1941, mahali paitwapo Colito, watu wa batalioni ya 1/6 walikuwa wamekwisha kuvuka mto, na vifaru vya Kitaliani vikawajia kutoka nyuma. Hawakuwa na silaha ya kutoboa chuma. Sajini Nigel Leakey, ambaye kombora zake za mota zilikuwa zimekwisha, alirukia juu ya kifaru kimoja, akafungua kifuniko kwa nguvu, akawapiga waliomo kwa bastola, asimbakize ila dereva, ambaye alimlazimisha akiendeshe mpaka mafichoni. Alipoona mzinga wa kifaru kile haufanyi kazi, alishuka akavifuata vingine kwa miguu, pamoja na sajini meja Mwafrika na askari wawili. Viwili viliwapita. Akarukia cha tatu, akamwua mmoja wa watu wake, na hapo bombomu ya kifaru cha nne ikamwangusha. Mwaka 1945 alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa kwake. Waafrika watatu waliotambaa pamoja naye katika risasi zile zile hawakutajwa majina katika tangazo la nishani hiyo, na jambo hilo ni kasoro kubwa.

Brigedi iliyopigana Colito ilikuwa chini ya Brigedia Fowkes. Mwaka 1943 brigedi tatu, za 21, 25 na 26, zilikusanywa kuwa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, na Fowkes akafanywa jenerali wake. Batalioni zake zilitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Keya ya 11, iliyokuwa ya Kenya, ilikuwa katika brigedi ya 25.

Bahari yenyewe ilidai kodi yake. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Ceylon, ikiwa imejaa wapiga mizinga wa rejimenti ya 301 ya Afrika ya Mashariki pamoja na wauguzi wanawake. Siku ya 12 ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa dakika chache. Waliokufa walizidi 1,200. Nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki hazikupata kaburi la kuonyeshwa.

Mwezi wa Agosti 1944, katikati ya mvua kubwa, Divisheni ya 11 ilianza kushuka bonde la Kabaw kutoka Tamu. Ni njia ile ile waliyoipanda watu wa Brigedi ya 7 miaka miwili kabla, wakiwa wameviacha vifaru vyao. Tope lilikuwa la magotini, malaria ilikuwa kali, na mara nyingine chakula kilitupwa kutoka ndege kwa sababu magari hayakuweza kupita. Katika mahali kama hapo kila kitu kilitegemea miguu ya askari na mabega ya wapagazi. Mwezi wa Novemba divisheni ilifika Kalemyo, na siku ya 2 Desemba ikaingia Kalewa. Askari wakavuka Chindwin, wakaushika ukingo wa mashariki, upande wa Shwegyin. Nyuma yao wahandisi wakatandika daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154, ambalo wakati ule lilikuwa daraja refu kuliko yote ya namna yake duniani. Kwa daraja hilo jeshi la Jenerali Slim likapita na vifaru vyake kwenda Mandalay. Hata kile kifaru kimoja kilichookolewa mwaka 1942, baada ya kuondolewa kichwa chake, kilitumiwa na rejimenti ya Kihindi ikapigana nacho katika Burma.

Askari wa Keya waliofungua mlango huo walilipwa mshahara mdogo kuliko askari wa Kizungu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa afisa kamili. Waafrika wa kwanza wa Kenya hawakupewa cheo hicho mpaka mwaka 1961. Desemba 1963 batalioni za 3, 5 na 11 za Keya zikawa Kenya Rifles.

Ama Brigedi ya 7, ilikwenda Iraki na Italia, na baada ya vita ikakaa Ujerumani miaka mingi. Ilipigana tena mwaka 1991 katika Ghuba na mwaka 2003 katika Iraki, kisha ikaondolewa vifaru vyake na kufanywa brigedi ya askari wa miguu. Kenya nayo iliagiza vifaru vyake yenyewe, vya namna ya Vickers, kutoka Uingereza mwaka 1977, vikapewa kikosi cha 78 huko Isiolo. Miongoni mwa wakubwa wa jeshi wakati huo alikuwako Jackson Mulinge, mtu wa Machakos, ambaye kazi ya uaskari aliianza katika Keya.