Gunia Lisivalishwe Kilemba

Viongozi wa chama cha ushirika na ndugu wakulima wa viazi,

Asanteni kwa kunialika kuzindua ghala hili. Hotuba niliyoandaliwa ina kurasa sita, nitamkabidhi Katibu. Pale mlangoni nimekuta gunia limevaa kilemba, yaani limeshonewa nyongeza mdomoni na kujazwa kupita kiasi, ile lumbesa, na siwezi kulipita kimya.

Nimeomba lipandishwe kwenye mzani, mmesoma wenyewe: kilo 142. Sheria ya Vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Hizo 42 zimelimwa, zimepaliliwa, zimepigwa dawa ya ukungu, zimebebwa kichwani, na hazikulipwa hata senti. Mlanguzi ananunua kwa gunia, mjini viazi vinauzwa kwa kilo. Hapo katikati ndipo mnapoibiwa. Ushuru nao ukitozwa kwa gunia, halmashauri inapunjwa. Na kijana anayelipandisha kwenye Fuso anabaki na maumivu ya mgongo.

Mama yangu aliuza viazi hivi hivi. Namkumbuka ameshika mdomo wa gunia, mfungaji analikanyaga na kulitikisa: "Ongeza, mama, bado linacheza." Akaongeza ndoo ya mwisho, ile aliyotutengea sisi watoto. Usiku ule nilimsikia akihesabu hela mara tatu, kana kwamba zingeongezeka. Ndiyo maana vita dhidi ya lumbesa ni yangu.

Lakini nanyi nisikilizeni. Hivi vilemba nani anavishona usiku? Si vijana wetu? Na wapo wanaopanga viazi vikubwa mdomoni, vidogo na vilivyooza katikati. Mnacheka! Huo nao ni wizi, na ndio unaompa mlanguzi sababu ya kudai nyongeza.

Nawapongeza sana, tena sana, kwa kununua mzani huu kwa michango yenu. Wakala wa Vipimo waje wauhakiki, ubandikwe stika, na kila gunia lipite hapo kabla ya kupakiwa. Asiyetaka kupima, aondoke na gari lake tupu.

Katika risala mmeomba barabara na mzani wa pili. Maombi nimeyapokea, tutakaa na wadau, tuone bajeti itaturuhusu kufika wapi.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba ghala hili limezinduliwa rasmi.