Siasa za Matusi na Mikataba ya Siri
Mawaidha kwa vijana wa Soweto East



Ndugu zangu vijana wa Soweto East, na wewe msomaji uliye Makina, Laini Saba au kule Kawangware, maneno haya niliyasema kwa mdomo mbele ya vijana na sasa nayaandika vile vile, maana wengi walitaka yaingie jaridani kabla kampeni za 2027 hazijapamba moto. Sikuambii umpigie nani kura. Hilo ni lako wewe na dhamira yako. Nataka tuzungumze habari ya ulimi, na habari ya karatasi ambazo wakubwa huandikiana wakiungana.

Sisi Waislamu tulishawahi kufanywa kuni za kampeni chafu, na si zamani sana. Tarehe 29 Agosti 2007, wiki mbili hivi kabla ya Ramadhan, Raila Odinga, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mbunge wetu wa Lang'ata, alitia sahihi mkataba na jukwaa la viongozi wa Waislamu liitwalo NAMLEF. Kila mtu aliuita MoU. Yaliyowauma Waislamu wakati ule yanajulikana. Kijana akienda kuomba kitambulisho au pasipoti anazungushwa mpaka aulizwe babu yake alizaliwa wapi. Na mwanzoni mwa mwaka huo huo watu walikamatwa kwa jina la vita dhidi ya ugaidi, Wakenya wakiwemo, wakapelekwa Somalia na kisha Ethiopia bila kufikishwa mbele ya hakimu. Viongozi wakasema: sisi tutakuunga mkono, na wewe utuahidi kwamba haya yatachunguzwa. Jamani, katika siasa hilo si aibu. Wakulima wa chai hufanya hivyo, walimu hufanya hivyo, makanisa nayo hufanya.

Tatizo ni kwamba karatasi ilifichwa. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuna mwananchi aliyeiona. Kukazuka karatasi nyingine, ya bandia. Hiyo ilidai kwamba Raila ameahidi sharia kule Pwani na Kaskazini Mashariki, ati pombe na nyama ya nguruwe zitapigwa marufuku, ati wanawake watapangiwa mavazi. Ikatolewa kopi, ikasomwa makanisani, ikatumwa kwa simu. Sasa hebu jiweke mahali pa Muislamu aliyekaa ploti moja na Wakristo kumi. Ukisema huo si mkataba wenyewe, unaambiwa, haya, tuonyeshe wenyewe. Huna. Utabishana na karatasi kwa kitu gani?

Mkristo aliyeogopa siku zile mimi simlaumu sana. Aliona maandishi na sahihi, na upande wa pili hakuona kitu. Mkataba wa kweli ulipotolewa hadharani mwishoni mwa Novemba, mwezi mmoja tu kabla ya kura, uongo ulikuwa umeshakaribishwa chai katika kila nyumba. Na usisahau kwamba Rais Kibaki naye alikuwa anazitaka kura za Waislamu, na Oktoba hiyo hiyo akaunda kamati maalum ya kusikiliza malalamiko yao. Basi malalamiko yalikuwa yale yale, na pande zote mbili zinajua, lakini mtaani Muislamu akaonekana ndiye hatari.

Na huku kwetu tusijifanye malaika. Ngome za ODM zilikuwa na nyimbo zake: ati ni makabila 41 dhidi ya moja. Upande mwingine nao wakachukua mambo ya jando, wakamtukana mgombea na kabila lake lote kwamba si wanaume kamili. Watu walicheka sana kwa utani huo. Januari 2008, kule Naivasha na Nakuru, utani ukageuka kisu, watu wakashikwa na kutahiriwa kwa nguvu barabarani. Suratul Hujurat inatukataza kudhihakiana na kuitana majina mabaya, na inatutaka tuchunguze habari aliyoleta fasiki kabla ya kuwadhuru watu. Tunaisoma kila Ramadhan. Tunaisoma haraka mno, nadhani.

Matokeo yalitangazwa tarehe 30 Desemba. Sina haja ya kukuhadithia sana, waulize wakubwa wako waliokuwepo. Soko la Toi liliteketea. Reli inayopita Kibera iling'olewa. Mkikuyu aliyekuwa mpangaji hapa alihama na godoro kichwani, na Mjaluo akakimbia kutoka mitaa mingine kuja huku. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa nchi nzima ikapata 1,133.

Halafu je? Tarehe 28 Februari 2008 wakubwa walitia sahihi mbele ya Kofi Annan na kupeana mikono. Aprili likatoka baraza la mawaziri 40, kubwa kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, nusu kwa nusu, bendera kwenye kila gari. Kalonzo Musyoka, aliyegombea peke yake baada ya kuachana na wenzake Agosti 2007, alishapata umakamu wa rais tangu Januari. Mwenye kibanda Toi hakupewa wizara.

Huu si mkasa wa mara moja, ndio mwendo wenyewe. Mwaka 2001 Raila na chama chake cha NDP walikuwa wanashirikiana na KANU, na yeye ni waziri wa Moi. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo Moi alikuja Kibera akasema kodi za nyumba ziko juu mno, na waziri wake naye akaunga mkono zishushwe. Hakuna aliyekaa chini na wenye nyumba, wengi wao Wanubi, wala na wapangaji, kuuliza zishushwe vipi na kwa kiasi gani. Mwanzo wa Desemba, watu wamefunga Ramadhan, mtaa ukawaka, mpangaji na mwenye nyumba, na hapo dini na kabila zikaingizwa. Watu walikufa. Mwaka mmoja haukuisha Raila alikuwa ameshaachana na KANU, yuko NARC anamwambia Moi aende nyumbani, na NARC nayo ilikuwa na MoU yake ya kugawana vyeo. Kutoheshimiwa kwa MoU hiyo ndiko kulikovunja NARC, na Novemba 2005 tukagawanywa tena, hawa Ndizi na hawa Chungwa.

Sogea mbele. Mwaka 2017 video ilisambazwa kwenye intaneti ikionyesha Kenya ya 2020 chini ya Raila: moto, njaa, vifaru. Baadaye ilijulikana kwamba kampuni ya Texas, Marekani, ilihusika na kazi hiyo. Oktoba hiyo, baada ya uchaguzi wa marudio, Kawangware majirani walichomeana maduka, na uvumi ulikuwa unakimbia kuliko matatu. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru Kenyatta na yule aliyechorwa kama mwisho wa dunia walisimama ngazini pa Harambee House wakaitana ndugu. Mwaka 2022 Uhuru huyo huyo alimpigia Raila debe chini ya Azimio. William Ruto alimdhihaki Raila kutwa kucha, akamshinda kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930, na Julai 2024 akawaingiza watu wa ODM kwenye baraza lake. Raila alifariki Oktoba 2025 vyama hivyo viwili vikiwa pamoja serikalini.

Mimi sisemi kupatana ni vibaya. Sulhu ni kheri, na bila ile ya 2008 sijui tungekuwa wapi. Ninalosema ni kwamba wao wakitukanana wanajua watakutana tena mezani. Wewe humrudii jirani yako kwa njia hiyo. Hakuna Annan wa kukupatanisha na mama uliyemwitia genge, na ni yeye huyo mnayechota maji bomba moja.

Kwa hiyo msimu huu akikujia mtu na fulana na mia tano ukazomee mkutano wa mwenzake, mwulize kwanza: tajiri wako ameungana na nani, na wameandikiana nini? Karatasi iko wapi? Sisi wa Kibera tuna ushahidi kwamba karatasi ya wazi ina maana. Wanubi walidai ardhi tangu enzi za Mwingereza. Juni 2017, miezi miwili kabla ya kura, wakapewa hati ya ekari 288. Ndiyo, ilikuwa hesabu ya kampeni, nani asiyejua? Lakini ni hati, ina nambari, unaweza kuipeleka kortini. Ahadi ya jukwaani huipeleki popote.

Mkataba mwingine unao karibu. Ijumaa ya tarehe 7 Machi 2025, tumefunga, Ruto na Raila walitia sahihi pale KICC makubaliano ya mambo kumi, mbele ya kamera. Safari hii haukufichwa. Sasa niambie ni vijana wangapi wa Soweto East wanaoweza kutaja hata matatu kati ya hayo kumi? Matusi ya mwaka 2022 tunayakumbuka yote kwa mpangilio.

Basi Jumamosi baada ya Tarawehe tutausoma, kipengele kwa kipengele, na kila kimoja tutauliza kimefika wapi. Jirani asiye Muislamu akitaka kusikiliza mlete, kuna uji.