Masomo Mafupi ya Chuo Kikuu kwa Watu Wazima

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wasomaji.)



Mara ya kwanza niliposimama mbele yenu nalieleza habari za kupatwa kwa mwezi. Nalisema ya kwamba dunia huingia katikati ya jua na mwezi, na kivuli chake huufunika mwezi. Mkapiga makofi, nami nikafurahi sana. Lakini kabla hatujaondoka mzee mmoja alisimama akaniuliza, "Bwana Karani, umesema mwezi huizunguka dunia mara moja kila mwezi. Basi mbona haupatwi kila mwezi?"

Sikulijua jibu. Wala sikukiri ya kwamba silijui, bali nalisema maneno mengi makubwa ili kuuficha ujinga wangu, na watu wakapiga makofi mara ya pili. Mzee yule peke yake hakupiga.

Tangu siku ile nalitafuta jibu katika vitabu, na jibu nimelipata. Nitalitoa mwisho wa hotuba hii. Lakini katika kutafuta nalikutana na habari za mtu mwingine aliyefundisha elimu ya nyota, naye pia akaongozwa na maswali ya watu aliowafundisha. Kwa mtu huyo yalianza masomo mafupi ambayo Vyuo Vikuu vya Uingereza huwapa watu wazima wapendao kujifunza. Nimeona habari zake zatufaa sisi kuliko hata habari za mwezi.

Mtu huyo aliitwa James Stuart. Alizaliwa Scotland mwaka 1843, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Siku zile Cambridge ilikuwa kama ngome: waliomo wamo, na walio nje hawakuingia ila kwa mali au kwa bahati kubwa. Wanawake hawakuwa na nafasi kabisa; nao hawakupewa shahada kamili za Cambridge mpaka mwaka 1948.

Mwaka 1867, Stuart alipokuwa kijana wa miaka 24, vyama vya wanawake katika miji ya kaskazini ya Uingereza, nayo ni Leeds, Liverpool, Manchester na Sheffield, vilimwomba aje kuwafundisha. Walimtaka aeleze namna ya kufundisha, kwa maana wengi wao walikuwa walimu au walitaka kuwa walimu. Yeye akaona ni heri awafundishe elimu yenyewe, wapate kuona namna ya kufundisha kwa macho yao. Akachagua elimu ya nyota, akaenda mji hata mji akitoa hotuba.

Hapo likatokea jambo la adabu. Kwa desturi ya siku zile haikupendeza mwanamume kijana na mabibi waulizane na kujibizana kwa mdomo mbele ya watu. Basi Stuart akaandika maswali, akayapiga chapa, akawagawia. Wao wakajibu kwa insha nyumbani kwao, wakampelekea kwa posta, naye akazisahihisha na kuzirudisha. Tena aliwapa muhtasari wa kila hotuba, ili msikilizaji asipotee njiani wala asisahau afikapo nyumbani. Hivyo shida ya adabu ikazaa faida, maana aandikaye jibu hujua mara moja kama amefahamu au hakufahamu.

Baadaye alialikwa Rochdale, mji wa viwanda vya kufuma nguo. Mji huo ni maarufu kwa wanachama wote wa ushirika duniani, kwa kuwa huko, mwaka 1844, watu 28 walifungua duka lao la ushirika, na chama chao baadaye kikawa na kanuni ya kutenga sehemu ya faida kwa ajili ya elimu. Jioni moja Stuart alikuwa na haraka ya kuondoka, akamwomba mlinzi wa ukumbi aziache picha zake za mafundisho zikining'inia ukutani mpaka juma lijalo. Aliporudi, mlinzi alimwambia kuwa hajapata kufanya jambo jema kuliko hilo. Wanachama walikutana ukumbini katika juma lile, wakazitazama picha, wakashindana juu yake, na sasa walikuwa na maswali mengi, nao wangekuja mapema kabla ya hotuba kumwuliza.

Stuart alifahamu. Tangu hapo hotuba iliambatana na darasa la maswali. Basi mambo matatu yaliyoitengeneza kazi hii yote, yaani muhtasari, insha na darasa la maswali, hayakutoka katika baraza la wenye shahada peke yake. Mabibi waliokatazwa kusema na wafumaji waliozitazama picha ukutani walikuwa na sehemu kubwa katika kuyazaa.

Mwaka 1873 Chuo Kikuu cha Cambridge kiliikubali kazi hiyo kuwa yake, nacho kikapeleka walimu Derby, Leicester na Nottingham. London ikafuata mwaka 1876, na Oxford mwaka 1878. Watu wa Nottingham walipenda masomo hata wakajengewa chuo chao wenyewe, kilichofunguliwa mwaka 1881. Na chuo hicho leo ni Chuo Kikuu kamili. Hivyo ndivyo mbegu iliyopandwa jioni, baada ya kazi, ilivyokuwa mti.

Sasa nisikilizeni habari za wachimbaji wa makaa ya mawe wa Northumberland. Katika miaka ya 1880 watu hao, waliofanya kazi chini ya ardhi gizani, walichanga senti zao wakawaleta walimu wa Cambridge vijijini mwao. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, R. D. Roberts, aliandika habari za ndugu wawili wachimbaji waliokaa maili 5 kutoka mahali pa masomo. Kwenda walipata gari la moshi, lakini kurudi iliwapasa kutembea kwa miguu, usiku, kila juma kwa muda wa miezi mitatu. Usiku mmoja wa tufani barabara ilifurika, wakapotea njia, wakaingia majini mpaka kiunoni. Hawakuacha. Tena walipofika kwao waliwakusanya majirani wakawafundisha yale waliyoyasikia.

Lakini nisifiche mwisho wa habari. Mwaka 1887 kukawa na mgomo mkubwa wa wachimbaji katika Northumberland; fedha zikakatika, na masomo yakafa mahali pengi. Hamu ilikuwapo, walimu walikuwapo. Kilichokosekana ni namna ya kulipa. Kazi ya elimu isiyo na akiba hufa njaa ya kwanza ijapo.

Fundisho hilo lilitiwa moyoni na mtu ambaye mimi nampenda hasa, kwa kuwa alikuwa karani. Jina lake Albert Mansbridge. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akafanya kazi ya ofisi katika chama cha ushirika, na jioni akahudhuria hotuba za Chuo Kikuu. Mwaka 1903, pamoja na mkewe Frances, alianzisha chama cha elimu ya wafanya kazi, ambacho kingaliko hata leo. Yeye aliona hotuba za siku chache hazitoshi. Mtu huamka, kisha hulala tena.

Basi mwaka 1908 yakaanza madarasa ya namna mpya, Longton kwenye wafinyanzi, na Rochdale ile ile ya wafumaji. Mwalimu alikuwa R. H. Tawney. Kanuni zilikuwa chache lakini ngumu: wanafunzi wasizidi 30; somo moja kwa miaka mitatu; makutano 24 kila mwaka; kila kutano saa mbili, moja ya mwalimu kufundisha na moja ya watu kuuliza na kubishana; na kila mtu aandike insha. Wanafunzi wenyewe walichagua somo. Gharama haikuwaelemea wao peke yao, maana Chuo Kikuu cha Oxford kilichukua sehemu yake.

Na mwalimu alipata nini? Mwaka 1912 Tawney alitoa kitabu kikubwa juu ya mashamba ya Uingereza ya zamani, na katika dibaji aliwashukuru wafumaji, wafinyanzi, wachimbaji na mafundi wa mitambo, akikiri ya kuwa kwa kupingana nao alijifunza mambo yasiyopatikana kwa urahisi vitabuni. Mabwana, msomi wa Oxford alisahihishwa na mfinyanzi, akashukuru kwa maandishi! Mimi nalisahihishwa na mkulima, nikaficha uso.

Kazi hii ilifika kwetu pia. Mwaka 1953 Chuo cha Makerere, Uganda, kilianzisha idara ya masomo ya nje ya chuo, na walimu wake wakafundisha watu wazima jioni katika nchi za Afrika ya Mashariki. Kutoka shina hilo, mwaka 1960, lilichipuka Dar es Salaam tawi ambalo baadaye likawa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, nayo ikawekwa kwa sheria yake yenyewe mwaka 1975. Huko Uingereza Oxford ingali ikitoa masomo mafupi, mengine ya siku moja, mengine ya majuma 10, na mengi yake hayamwulizi mtu ana cheti gani. Siku hizi wengine hujifunza kwa intaneti, mwalimu akiwa nchi nyingine.

Najua mtauliza: masomo yasiyo na cheti yana faida gani? Mimi sikidharau cheti. Nalikitafuta kwa jasho, na mkate wangu watoka humo. Lakini fikirini ndugu wale wawili. Asubuhi baada ya somo walirudi shimoni vile vile, kwa ujira ule ule. Walichopata ni uwezo wa kulipima neno: neno la gazeti, neno la tajiri, neno la kiongozi wao wenyewe, na neno la mwenye hotuba. Mahali pasipo watu wa kuuliza, mwenye maneno makubwa hupigiwa makofi, awe anajua au hajui. Nanyi ni mashahidi, maana mlinipigia mimi mara mbili.

Mwingine atasema, "Tumechoka, jioni ni ya kupumzika." Ni kweli, tumechoka. Lakini mchimba makaa hakuchoka kidogo kuliko mwenye jembe au mwenye kalamu. Mwingine atasema, "Nimezeeka." Huyo namjibu kwa mfano wa mzee wetu: katika ukumbi uliojaa vijana wenye vyeti, yeye ndiye aliyeliona tundu katika maneno yangu.

Basi naleta ombi langu. Tusingoje Chuo Kikuu kije kutukuta tumelala. Tuanze darasa letu, watu wasiozidi 30, wanaume na wanawake. Tuchague somo moja tu, liwe la udongo, au la historia, au la afya, na tulishike mwaka mzima. Kila mkutano uwe na nusu ya kufundishwa na nusu ya kuuliza. Asiyejua kuandika aseme jibu lake, na ajuaye amwandikie. Tuchange kidogo kidogo, tuweke akiba kwa mwaka wa njaa, tukiwakumbuka watu wa Northumberland. Kisha tukiandikia chuo kuomba mwalimu au vitabu, tutaandika kama watu waliokwisha anza kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sasa nalipa deni langu. Mzee wangu, nakuona umekaa pale karibu na mlango. Swali lako lilikuwa la haki, nami siku ile sikulijua jibu, niwie radhi. Jibu ni hili. Chukua pete mbili za chuma za pipa, moja kubwa na moja ndogo, uitie ndogo ndani ya kubwa, kisha uiinamishe ile ndogo kidogo. Pete kubwa ni mfano wa njia ya jua tuionayo mbinguni; ndogo ni njia ya mwezi. Njia hizo hazikulala sawasawa, zimepishana kwa nyuzi kama 5. Kwa hiyo kila mwezi unapokuwa mpevu, mara nyingi hupita juu ya kivuli cha dunia au chini yake, wala haukiguswi. Ukiwa mpevu karibu na mojawapo ya zile sehemu mbili ambapo njia hukatana, ndipo huingia kivulini, ukapatwa.

Kama jibu hili nalo lina tundu, nionyesheni. Pete mbili nimezileta, ziko mezani, nami nitaziacha humu ukumbini mpaka mkutano ujao, mzishike na kuzigeuza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Bwana Mwenyekiti amenipa saa moja, nami nimetumia nusu. Nusu iliyobaki ni yenu.