Kabla ya Kufunga Mtaa, Tuhesabu Watu Wote



Mada yetu ni mitaa inayozuiliwa magari, na jinsi zuio hilo linavyogeuza safari za watu mjini. Jambo hili si geni kwetu Afrika Mashariki. Katika mji wa kale wa Lamu vichochoro ni vyembamba. Watu huenda kwa miguu na punda huchukua mizigo. Mjini Kigali, mwaka 2015, barabara moja ya katikati ya jiji ilifungwa kwa magari, ikaachiwa waendao kwa miguu. Jijini Nairobi zilitangazwa siku mbili za juma bila magari katikati ya jiji, kuanzia Februari 2019; mpango huo ukaahirishwa kwa kuwa maandalizi hayakutosha.

Mifano hiyo yatufundisha kupima kabla ya kuamua. Siku hizi wataalamu hupima kwa kompyuta. Huingiza ramani ya barabara, kisha maelfu ya watu wa kubuni, kila mmoja na nyumba yake, mahali aendako, saa ya kuondoka na chombo atumiacho. Mtaa mmoja ukifungwa katika ramani hiyo, kila mtu hutafuta njia, saa au chombo kingine. Siku ileile hurudiwa mara nyingi mpaka mabadiliko yatulie. Ndipo huonekana kama barabara jirani zimeelemewa, au kama baadhi ya safari za magari zimetoweka kabisa. Kutoweka huko si ndoto: uchambuzi wa mifano zaidi ya 70 ya nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba katika nusu ya mifano hiyo magari yalipungua kwa zaidi ya asilimia 10.

Lakini kompyuta hujua yale tu iliyoambiwa. Tuseme mtaa mmoja wa Kashai unafungwa. Ikiwa waliohesabiwa ni wenye magari peke yao, hesabu haitamwona mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, mtoto avukaye barabara kwenda shule, kijana wa bodaboda atafutaye riziki yake hapo, wala mgonjwa wa usiku. Asiyehesabiwa ndiye atakayebebeshwa gharama ya uamuzi.

Kwa hiyo, hata pasipo kompyuta, twaweza kuanza kwa daftari na kalamu. Tukae njia panda, siku ya kazi na siku ya mapumziko, asubuhi na jioni, tuandike nani apita, kwa chombo gani, na aenda wapi. Kisha tuipeleke hesabu hiyo katika mkutano wa mtaa na kwa diwani wetu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Katika mtaa wetu, nani hupita bila kuhesabiwa?
2. Mtaa ukifungwa, nani atanufaika, na nani atazunguka mbali?
3. Gari la mgonjwa litapita wapi?

Njia ni mali ya wote. Basi na hesabu yake iwe ya wote.