Muziki wa Jukwaani na Kanda ya Mjomba

(Mazungumzo yaliyotolewa na mhitimu mwenzetu mbele ya wahitimu, walimu na wanafunzi wakati wa ziara ya Kilwa Kisiwani.)



Barua ya Mwenyekiti ilinitaka nizungumze juu ya uwajibikaji katika utumishi wa umma. Nilimwomba radhi. Mambo hayo nayasikia tangu Jumatatu hadi Ijumaa, nami sikuvuka maji kuja kuyasikia tena kwa sauti yangu mwenyewe. Nimeomba nizungumze juu ya muziki wa zamani uliopigwa mbele ya watu na kunaswa papo hapo, pamoja na kelele zake na makosa yake. Tena nina deni la kulipa, nalo nitalifikia.

Mwaka 2008 nilipelekwa Uingereza kwa mafunzo ya miezi michache. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu, mpole, mchache wa maneno. Wiki mbili za mwanzo tulizungumza hali ya hewa tu. Siku moja nikamkuta sebuleni amefumba macho anasikiliza bendi iitwayo Fairport Convention. Bendi hiyo ilianzishwa London mwaka 1967, na sifa yake kubwa ni kuchukua nyimbo za kale za vijijini kwao, za mabwana na wake zao na visu vya wivu, na kuzipigia magitaa ya umeme na ngoma za kisasa. Nilimwuliza swali moja tu, naye akazungumza hadi usiku wa manane.

Alikuwa na santuri mbili alizozitaja kama mtu anavyotaja watoto wake. Moja ilirekodiwa ukumbini Los Angeles mwaka 1970, wakati mwimbaji wao Sandy Denny alikuwa amekwisha kuwaacha. Nyingine ilitokana na maonyesho ya miaka michache baadaye, sehemu yake ikiwa Sydney mwaka 1974, Sandy akiwa amerudi. Mzee yule na rafiki zake walibishana miaka zaidi ya thelathini juu ya ipi bora. Wengine walisema bila sauti ya yule mama hakuna bendi. Yeye alisema hapana, sikiliza fidla ya Dave Swarbrick na gitaa la Richard Thompson, jinsi wanavyofukuzana. Akanionyesha mahali ambapo mmoja anaharakisha na wenzake wanamfuata kwa shida. Katika studio, alisema, pangerekebishwa pale. Yeye alipapenda pale kuliko pote.

Ndugu zangu, nilicheka, maana nilikuwa nimesafiri mbali hivyo kukutana na shabiki wa Msondo na Sikinde! Mnaowafahamu mashabiki wale mnajua ninalosema. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, ikabadili majina mara kadhaa hadi kuwa Msondo Ngoma. Mlimani Park ikatokea mwaka 1978 na mtindo wake wa Sikinde. Muhidini Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba huku na aliimba kule, na bado watu wanakosana juu ya wapi aliimba vizuri zaidi. Na hata yale majina mawili yametoka katika ngoma za Wazaramo. Kumbe waliyoyafanya Waingereza wale, kuitia ngoma ya kijijini katika waya wa umeme, na sisi tuliyafanya bila kuwauliza.

Wamefanana hata katika misiba. Bendi ni watu wa njiani. Fairport walipata ajali ya gari mwezi Mei 1969, na mpiga ngoma wao, Martin Lamble, akafa. Sisi tulimpoteza Salum Abdallah wa Cuban Marimba mwaka 1965 katika ajali ya gari, na Mbaraka Mwinshehe mwezi Januari 1979, vilevile barabarani, huko Mombasa. Baada ya hapo kinachobaki ni kile kilichonaswa.

Hapa wanafunzi wataniuliza: si zipo nyimbo zao redioni? Zipo, na tuwashukuru mafundi mitambo wa Radio Tanzania, maana bila wao tungekuwa maskini kabisa. Hata studio zile za zamani zilikaribiana na ukumbi, kwa kuwa bendi nzima ilipiga kwa pamoja na kosa la mmoja lilikuwa la wote. Lakini santuri ndogo ilibeba dakika tatu au nne kila upande, na wimbo ukakatwa vipande viwili. Ukumbini wimbo haukuwa na haraka hiyo. Waimbaji walimaliza kisa chao polepole, kisha magitaa yakaachwa yazungumze, tarumbeta zikajibu, na chemko likaendelea kwa kadiri wachezaji walivyotaka. Anayeamua urefu wa wimbo ni yule aliyevaa viatu vinavyombana! Hilo studio haina.

Sasa deni langu. Wakati wa utoto wangu bendi kutoka Dar es Salaam kufika Kilwa lilikuwa jambo kubwa. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake kulikuwa na kivuko, na mvua zikinyesha kusini tulikuwa kama kisiwa kingine. Kwa hiyo dansi likija, lilikumbukwa. Mjomba wangu alihudhuria dansi moja Masoko katikati ya miaka ya 1980, akaweka redio kaseti yake ukingoni mwa jukwaa, akanasa upande mzima.

Niliisikia kanda ile kila Idi Mosi jioni. Katikati ya wimbo wa pili jenereta linazimika. Magitaa yanakufa yote kwa mara moja, unabaki mlio wa ngoma na tumba. Kisha, gizani, watu wanaendelea kuimba. Hawazomei, wanaimba, wanaume kwa wanawake, na juu ya sauti zote kuna moja nene inayosema, "Msiache! Msiache!" Sauti ile ilikuwa ya rafiki wa mjomba, mvuvi wa hapa hapa Kisiwani. Miaka michache baadaye alitoka na ngalawa asirudi.

Mwaka 1993, nikiwa kidato cha kwanza, Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Nilitaka kunasa matangazo ya mchezo wa marudiano niwatambie wenzangu bwenini. Sikuwa na kaseti tupu. Mjomba alikuwa amevunja vile vijipande vya plastiki mgongoni mwa kaseti yake ili mtu asirekodi juu yake. Nikaziba tundu kwa karatasi. Basi siwezi kusema sikujua. Nilijua, ndiyo maana nilitafuta karatasi. Simba ikafungwa mabao 2 kwa 0, nami nikabaki na kanda ya kilio.

Mjomba hakunipiga. Aliisikiliza hadi mwisho, pengine akitumaini kitu kimesalia. Kisha akasema, "Mpwa wangu, mpira watacheza tena. Huyu hasemi tena." Akaitoa kaseti, akanipa niende nayo. Ninayo hadi leo.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza. Nimewauliza vijana kadhaa wa wilaya hii habari za Kilwa Jazz Band ya Ahmed Kipande, bendi iliyobeba jina letu mjini Dar es Salaam tangu enzi za kabla ya Uhuru. Hawaijui. Jina la Ibn Battuta, aliyefika hapa mwaka 1331, wanalijua kwa kuwa aliandika. Kuta za Husuni Kubwa tumezitazama asubuhi hii, na wataalamu wanaweza kutueleza chokaa ile ilichomwaje. Lakini usiku wa sherehe mle ndani ulisikikaje, hilo haliwezi kuchimbwa.

Sisemi kila cha zamani ni kizuri. Nimesikia kanda za maonyesho ambazo hazina ila mikwaruzo na mlevi mmoja. Na mashabiki ni waongo: wote wanaodai walikuwapo dansi ile ya Masoko wangekuwapo kweli, ukumbi ungepasuka.

Ninachowaomba wanafunzi ni kidogo. Wengi nyumbani kwenu kuna simu inayonasa sauti bila kaseti na bila karatasi ya kuzibia tundu. Mzee mwenye kanda kabatini mwombeni ruhusa; kanda ikiwa imeota ukungu msiilazimishe kuzunguka, itakatika. Andikeni siku, mahali, na nani anapiga nini. Mimi ni mtu wa majalada, na sauti isiyo na tarehe hunikosesha usingizi.

Mjomba yuko hapa leo, ndiye yule mzee wa kofia nyeupe karibu na mlango. Na katika ninyi wa kidato cha pili yumo mjukuu wa yule mvuvi, ambaye hajapata kuisikia sauti ya babu yake na, kwa ajili yangu, hataisikia. Nimemwomba radhi kijana huyo jana usiku. Ameniuliza kama babu yake aliimba vizuri. Mjomba amejibu kwa niaba yangu kwamba hapana, alikuwa na sauti mbaya sana, ila alijua maneno yote.

Baada ya chakula mjomba atauimba wimbo ule uliokatika, na kijana ndiye atakayenasa. Tafadhalini wengine msinyamaze. Maji yanaanza kupwa saa tisa, na nahodha amesema hatamngoja mtu.